Clara Hale
Clara McBride Hale (1 Aprili 1905 – 18 Desemba 1992), maarufu kama Mama Hale, alikuwa mlezi wa watoto mtaani Harlem, jijini New York, Marekani.

Baada ya kufiwa na mumewe, alilea watoto wake na wa wengine. Mwaka 1969 binti yake, Lorraine, alimpelekea mama mtumiaji wa heroini na mtoto wake mchanga. Wengine wakafuata, na hivyo ikaanzishwa Hale House.

Mtoto aliyezoea heroini tumboni, akishazaliwa hutetemeka, hulia mfululizo na hunyonya kwa shida. Hale aliwapakata na kuwabembeleza usiku kucha, bila dawa. Leo hospitali huanza vivyo hivyo, zikiongeza mofini kwa waliozidiwa.

Wengi walirudishwa kwa mama zao walipomaliza matibabu.