Mtakatifu Agostino na Mafumbo ya Maandiko

Mapadri wa Roho Mtakatifu walifungua misioni ya Bagamoyo mwaka 1868, na ya Morogoro mwaka 1882; na mwaka 1953 Morogoro ikawa jimbo. Habari hizo wengine wamezieleza katika kitabu hiki cha yubilei. Sisi walimu wa dini wa Mgeta tumetakiwa tueleze maisha ya mtakatifu mmoja awafaaye walimu, nasi tumemchagua Agostino, askofu wa Hippo. Yeye ni Mwafrika, ingawa Afrika yake ni ile ya kaskazini, iliyotawaliwa na Warumi.

Tena tunayo sababu nyingine. Mwalimu wa dini apitapo katika vijiji vya milima yetu hukutana na watu wenye Biblia mkononi, nao humwuliza mahali yalipoandikwa mafundisho ya Ekaristi, au ya Bikira Maria, au ya Ubatizo wa watoto wachanga. Swali hilo ni la haki, wala halitupasi kulikasirikia. Lakini wako walimu ambao hujibu upesi kwa mfano wa Agano la Kale, safina au mana au kijiti kilichowaka, nao hudhani wamekwisha kushinda. Agostino aliipenda mifano hiyo kuliko watu wengi, naye ndiye aliyeiwekea mpaka.

Alizaliwa Tagaste, mji ulio katika nchi iitwayo leo Algeria, tarehe 13 Novemba 354. Baba yake, Patricius, alikuwa mpagani, akabatizwa karibu na kufa kwake. Mama yake, Monika, alikuwa Mkristo hodari wa sala. Kwetu Uluguru mtoto huhesabiwa katika ukoo wa mama, basi hatustaajabu tuonapo kwamba mama ndiye aliyemvuta kijana huyu hata mwisho.

Alipokuwa na miaka 19, akiwa mwanafunzi Carthage, alisoma kitabu kimoja cha Cicero, akawaka moyo kwa kuitafuta hekima. Akafungua Maandiko Matakatifu, akayadharau, kwa kuwa lugha yake ilionekana duni mbele ya ufasaha wa Warumi. Ndipo aliponaswa na Wamanikeo, akakaa nao miaka tisa. Watu hao walilicheka Agano la Kale: waliuliza kama Mungu ana nywele na kucha, na iwapo Abrahamu na Yakobo, wenye wake zaidi ya mmoja, waweza kuitwa watakatifu. Agostino hakuwa na jibu.

Mwaka 384 alifika Milano, akiwa mwalimu wa ufasaha. Akaenda kumsikiliza askofu Ambrosi, si kwa ajili ya imani, bali apime jinsi asemavyo. Ambrosi alirudia mara nyingi mafundisho ya Mtume Paulo juu ya herufi na roho, akafungua sura za Agano la Kale moja baada ya moja, akaonyesha kwamba yaliyotendeka zamani yalikuwa pia kivuli cha mambo yatakayokuja. Vile vilivyomchukiza Agostino vikaanza kuwa na maana.

Mluguru ataelewa jambo hili bila taabu. Katika mafundisho ya wali, wazee wetu walitumia nyimbo, mafumbo na sanamu ndogo ya mti iitwayo mwana hiti. Asiyefundishwa huona kipande cha mti tu. Aliyefundishwa huona uzazi, ukoo na heshima ya mama. Mti ni uleule, ila mmoja ana mwalimu na mwingine hana.

Usiku wa Pasaka ya mwaka 387 Ambrosi alimbatiza pamoja na mwanawe Adeodatus. Mwaka huohuo Monika akafa Ostia, safarini kurudi Afrika. Mwaka 391 Wakristo wa Hippo walimkamata kanisani wakamtoa apewe upadri, naye akalia machozi. Kisha akamwomba askofu wake, Valerius, ampe nafasi kwanza ajifunze Maandiko. Twawaomba wenzetu walitazame jambo hilo: mtu aliyekuwa bingwa wa ufasaha aliona hajui ya kutosha kuwafundisha watu wa mji mdogo wa bandari. Baada ya miaka minne hivi akawekwa askofu.

Akajibu sasa maneno ya Wamanikeo, hasa ya askofu wao Faustus, kwa mifano aliyojifunza. Tuchukue safina ya Nuhu. Urefu wake ni mikono 300, upana 50, kimo 30. Yaani urefu ni mara sita ya upana na mara kumi ya kimo. Agostino alisema hivyo ndivyo vipimo vya mwili wa mtu aliyelala, naye mtu huyo ni Kristu. Mlango uliofanywa ubavuni mwa safina ni jeraha la mkuki, lililotoka damu na maji, yaani sakramenti ziwaingizazo watu katika Kanisa. Wanyama safi na wasio safi walikaa humo pamoja, kama wema na wabaya wakaavyo pamoja katika Kanisa. Hata hivyo hakukana kwamba safina ilikuwako kweli. Wala hakuanzisha yeye njia hiyo: Petro katika waraka wake wa kwanza aliifananisha gharika na Ubatizo, Paulo aliuita mwamba wa jangwani Kristu, na Bwana wetu mwenyewe alijilinganisha na nyoka wa shaba wa Musa.

Lakini silaha ikiwa kali huweza kushikwa na adui pia. Katika Afrika walikuwako Wadonati, waliojitenga baada ya dhuluma ya miaka 303 hadi 305, wakisema Kanisa la kweli limebaki kwao tu. Nao walikuwa na mifano yao. Katika Wimbo Ulio Bora bibi arusi anamwuliza mpenzi wake mahali anapolaza kundi lake adhuhuri. Kwa Kilatini neno la adhuhuri ndilo neno la kusini. Basi wakadai kwamba kusini ni Afrika, na ya kuwa Kristu analala kwao!

Mnamo mwaka 408 Agostino alimwandikia Vincentius, askofu wa kundi lililotokana na Wadonati. Alimwonyesha kwamba mtu hawezi kuuvuta mfano wa fumbo upande wake, asipokuwa na maneno wazi ya Maandiko yaliangazayo fumbo lile. Naye akayaleta yaliyo wazi: ahadi kwa Abrahamu kwamba mataifa yote yatabarikiwa katika uzao wake, na agizo la Kristu kwamba toba ihubiriwe kwa mataifa yote, kuanzia Yerusalemu. Katika waraka uleule alitetea amri za kaisari za kuwalazimisha Wadonati. Hapo sisi hatumfuati.

Kanuni hiyo ndiyo tunayoihitaji vijijini. Mtu akituuliza habari za Ekaristi, tuanze na karamu ya mwisho na sura ya sita ya Yohane, ambapo Bwana mwenyewe aitaja mana. Ndipo mana itakapong'aa. Habari za Bikira Maria tuanze na Injili ya Luka, kisha tulete lango lililofungwa la Ezekieli, kama alivyofanya Ambrosi. Mfano ukitangulia peke yake, mwenzetu ataleta mfano wake, na mashindano hayatakwisha.

Karibu na mwaka 400, Deogratias, shemasi wa Carthage, alimlalamikia Agostino kwamba mafundisho yake kwa wanaoanza yanamchosha hata yeye mwenyewe. Agostino akamwandikia kitabu kizima, chenye hotuba mbili za mfano, ndefu na fupi, zikianzia uumbaji na kupita gharika na Bahari ya Shamu. Akamshauri pia ampe kiti msikilizaji aliyechoka kusimama.

Mwaka 430 Wavandali waliuzingira mji wa Hippo. Agostino, mwenye miaka 75, akashikwa na homa. Akaamuru zaburi za toba ziandikwe na kutundikwa ukutani mbele ya kitanda chake, akazisoma akilia. Akafa tarehe 28 Agosti. Hakuacha wasia wa mali, kwa kuwa hakuwa na mali. Aliagiza tu vitabu vya kanisa vitunzwe. Mji ulichomwa moto baadaye, lakini vitabu vyake vilisalimika.