George Frideric Handel na Saa Inayoimba

Nyumba nyingi za Jericho, Kaloleni na Umoja zina saa ya ukutani inayoimba kabla ya kugonga. Marehemu nyanya yangu alikuwa nayo. Asubuhi ilipogonga mara saba, sisi watoto tulibishana: mbona inahesabu saba ilhali ni saa moja? Wanakwaya wanaweza kuisoma sauti yake kwa solfa: mi, re, do, kisha so ya chini. Huko ilikotoka kengele huimba kila robo saa: noti nne kwa robo ya kwanza, nane kwa nusu, kumi na mbili kwa robo tatu, na kumi na sita saa inapotimia, ndipo kengele kubwa ihesabu.

Kuna aliyeniuliza kwa nini kijitabu cha jubilii yetu kimpe nafasi Mjerumani. Naomba asome hadi mwisho.

Handel alizaliwa Halle tarehe 23 Februari 1685. Baba yake, kinyozi aliyefanya pia upasuaji, alitaka mwanawe asomee sheria. (Wazazi wa Eastlands watamwelewa.) Kijana akachagua kinanda. Alipitia Hamburg na Italia, akafika London mwaka 1710, na mwaka 1727 akawa raia wa Uingereza.

Huko London alikuwako fundi wa saa aitwaye Charles Clay. Saa zake zilikuwa na kengele na filimbi za kinanda ndani. Pipa lililopigiliwa pini ndogo ndogo lilizunguka polepole. Kila pini ilipopita ilinyanyua kijiti, nacho kikafungua filimbi au kikaamsha nyundo ya kengele. Pini ikikaa vibaya kidogo tu, noti inachelewa, na pipa halimsikii mwalimu wa kwaya akigonga meza. Handel, mtunzi wa wafalme, hakuona aibu kutunga na kupanga nyimbo fupi za saa hizo. Clay alifariki mwaka 1740.

Kufikia hapo Handel mwenyewe alikuwa amechoka. Mwaka 1737 alipatwa na kiharusi, mkono wa kulia ukakataa kazi kwa muda. Opera zake hazikuleta watu tena. Katika hali hiyo, tarehe 22 Agosti 1741, alianza kuandika Messiah, na kufikia tarehe 14 Septemba alikuwa amemaliza. Siku ishirini na nne! Sisi tumejifunza Haleluya yake peke yake kwa miezi mitatu, na besi bado wanaingia mapema.

Messiah iliimbwa mara ya kwanza Dublin tarehe 13 Aprili 1742. Fedha zilizopatikana zilienda kwa hospitali mbili na kwa wafungwa wa madeni; wafungwa 142 walilipiwa wakarudi makwao. Baadaye aliiongoza London mwaka baada ya mwaka kusaidia makao ya watoto waliotupwa, na katika wasia wake akayaachia makao hayo nakala ya Messiah. Macho yalianza kumpotea mwaka 1751, akawa kipofu, lakini aliendelea kupiga kinanda mbele za watu. Alifariki tarehe 14 Aprili 1759, siku nane baada ya kuhudhuria Messiah kwa mara ya mwisho.

Mwaka 1793 kanisa la Mtakatifu Maria Mkuu, Cambridge, lilipata saa mpya, na ile sauti ya noti nne ikatungwa kwa ajili yake. Inasemekana mtungaji aliitoa katika Messiah, kwenye wimbo wa soprano wa maneno ya Ayubu kuhusu Mkombozi aliye hai. Mwaka 1859, miaka mia moja baada ya Handel kufa, ikawekwa kwenye mnara wa Bunge la Uingereza, na kutoka huko ikafika sebuleni kwa nyanya. Handel amezikwa ng'ambo tu ya barabara, katika Westminster Abbey. Sanamu yake pale ina karatasi ya muziki mbele yake, na muziki ulioandikwa ni wimbo huohuo wa Ayubu.

Leo utaimbwa tutakapowakumbuka wanakwaya wenzetu waliotangulia. Msingoje soprano aanze. Sauti ya saa, wanasema, imo katika baa ya tano na ya sita, wakati kinanda kingali peke yake.