Mwalimu wa Mwandiko na Herufi Zake

Wapo wanaodhani kwamba herufi ni herufi tu, almuradi isomeke. John Baskerville hakuwa miongoni mwao, na kwa maoni yangu walimu wetu wana kila sababu ya kumjua.

Alizaliwa mwaka 1706 huko Wolverley, Uingereza. Katika ujana wake alifundisha mwandiko mjini Birmingham na kuchonga maandishi katika mawe ya makaburi. Mali aliipata kwingine, katika biashara ya kupaka vanishi vyombo vya bati. Alikuwa amevuka umri wa miaka 40 alipoanza kuitumia mali hiyo kutafuta herufi zilizomkaa moyoni. Kitabu chake cha kwanza, tungo za Virgil, kilitoka mwaka 1757. Mwaka 1763 alichapa Biblia mashuhuri huko Cambridge, ingawa yeye mwenyewe hakuwa muumini. Alifariki mwaka 1775.

Herufi zake ni pana, zimesimama wima. Mistari yake minene ni minene kweli, myembamba ni kama unywele, na vile vistari vya kumalizia miishoni vina ncha kali. Mkono wa mwalimu wa mwandiko ungali waonekana humo. Lakini Baskerville alitambua kwamba umbo pekee halitoshi. Alitengeneza wino mweusi zaidi, akatafuta karatasi nyororo, akazikandamiza kurasa zilizochapwa baina ya mabamba ya shaba yenye moto.

Wapinzani wakadai kwamba atawapofusha wasomaji. Benjamin Franklin alimpa mmoja wao sampuli ya herufi za William Caslon, akamwambia ni za Baskerville. Bwana yule akaanza papo hapo kuzilaumu kwa kumuumiza macho!

Hata hivyo, lawama iliyokuwa ya uongo kule Birmingham yaweza kuwa kweli Turkana. Katika shule moja baina ya Lodwar na Kakuma nilionyeshwa karatasi ya ufahamu iliyopigwa chapa kwa herufi za Baskerville, ikarudufiwa, kisha nakala ile ikarudufiwa tena. Mistari myembamba ilikuwa imetoweka. Herufi e imegeuka c. N imekatika ikawa vijiti viwili. Mtoto aliyefika kambini Kakuma akijua Kisomali au Kiarabu, anayejifunza Kiswahili kwa karatasi hiyo, jioni, kwa taa ya sola, anapoteza alama kwa kosa lisilo lake.

Baskerville iachiwe riwaya, diwani na vyeti, kazi zinazochapwa kwa wino mzuri juu ya karatasi nzuri. Mtihani wa kurudufiwa wahitaji herufi zenye mistari inayokaribiana unene, hata kama hazina madaha, na ukubwa usiopungua pointi 12. Kabla ya kuwagawia wanafunzi, mwalimu na airudufu karatasi yake mara mbili, kisha aitafute herufi e. Akiikuta c, abadilishe herufi zote.