SITI BINTI SAAD NA LUGHA YA MAUA

Ndugu msomaji, sisi wa Nkoroi si wageni wa maua. Huku Kitengela na Isinya kuna mashamba ya waridi, nayo maua hukatwa na kupelekwa Ulaya kwa ndege. Wengi wetu twadhani kazi ya ua ni kuuzwa tu. Kumbe pwani ua husema! Leo nitawasimulia juu ya mwimbaji aliyeijua lugha hiyo, marehemu Siti binti Saad.

Siti alizaliwa Fumba, Unguja, yapata mwaka wa 1880. Wazazi wake walikuwa maskini, naye akapewa jina la Mtumwa. Shule hakuiona. Alichuuza vyungu kwa miguu huku akiimba, na sauti yake ndiyo iliyowaita wanunuzi. Mwaka wa 1911 alihamia mjini akafundishwa taarab. Siku hizo taarab ya jumba la Sultani iliimbwa kwa Kiarabu. Siti akaiimba kwa Kiswahili, hata mchukuzi wa mizigo akaelewa.

Basi maua yanaingia wapi? Katika taarab mpenzi hatajwi jina. Huitwa ua, asumini au waridi. Mgeni atadhani ni habari za bustani, lakini mwenyewe anajua ni yeye anayeambiwa. Isitoshe, wanawake wa pwani hutunga asumini wakafanya koja, au huzifunga pamoja na rehani zikawa kikuba cha kujipamba. Kwa hivyo ukitaja asumini umetaja mapenzi na harusi, na hakuna wa kukushika.

Siti hakuishia kwa mapenzi. Aliimba pia juu ya wanawake walioonewa na hukumu zisizo za haki, na hapo Waingereza ndio waliotawala. Si mchezo! Waliomwonea wivu walimcheka kwa umaskini na sura yake. Naye akawajibu kwa wimbo kwamba akili hupita uzuri.

Mwaka wa 1928 alisafiri hadi Bombay, Bara Hindi, kurekodi santuri, na sauti yake ikaenea Afrika Mashariki. Alifariki tarehe 8 Julai 1950. Shaaban Robert ndiye aliyeandika wasifu wake.

Wenzangu, Siti hakujua kusoma wala kuandika, lakini alisikika. Sisi tuna kalamu na chama cha Kiswahili. Je, tunanyamazia nini?