Dakta Eijkman na Kuku Wake

Leo napenda kuwasimulieni habari za Christiaan Eijkman, daktari aliyepata sifa kwa kuwatazama kuku.

Alizaliwa Uholanzi mwaka 1858, mtoto wa mwalimu. Alisomea udaktari wa jeshi, na mwaka 1883 akapelekwa Indonesia, nchi iliyotawaliwa na Waholanzi. Malaria ikamrudisha kwao, na mwaka 1886 mkewe akafariki. Hata hivyo mwaka huo huo alirudi kuchunguza beriberi. Ugonjwa huo huharibu mishipa ya fahamu: miguu hufa ganzi, mtu hushindwa kutembea, na mara nyingine moyo huchoka kabisa. Askari na wafungwa wengi walikufa, na wakuu wake walidhani ni vijidudu.

Siku moja kuku wa maabara yake mjini Batavia, ambao sasa ni Jakarta, walianza kupepesuka kama walevi. Baada ya miezi michache wakapona! Eijkman akauliza, akaambiwa kwamba walikuwa wakila wali mweupe uliobaki hospitalini, mpaka alipokuja mpishi mpya aliyekataa kuwapa kuku wa raia chakula cha jeshi. (Kwa maoni yangu, mpishi yule mbahili naye alistahili nishani.) Tangu hapo walikula mchele wenye wishwa.

Rafiki yake Vorderman akakagua magereza ya Java. Penye mchele mweupe aliugua mfungwa mmoja katika kila 39. Penye mchele wenye wishwa, mmoja katika 10,000.

Eijkman alifikiri wali una sumu na wishwa ni dawa yake. Mwenzake Grijns ndiye aliyeeleza, mwaka 1901, kwamba hapana sumu, bali wishwa una kitu ambacho mishipa ya fahamu haiwezi kukikosa. Kitu hicho ni vitamini B1. Bila hiyo chembe za mishipa haziwezi kuunguza sukari vema. Nguvu hupungua, na mabaki makali ya oksijeni huziharibu. Eijkman alipewa tuzo ya Nobel mwaka 1929, akafariki mwaka uliofuata. Grijns hakupewa, na mimi naona hakutendewa haki.

Hapa kwetu Kampala, mashine za Kisenyi hukoboa mahindi yakawa unga mweupe wa posho, na pumba hulishwa kuku. Tena beriberi haikuisha na Eijkman. Kati ya 2009 na 2010, askari 241 wa Umoja wa Afrika mjini Mogadishu, ambako walikuwako vijana wa Uganda na Burundi, walivimba miguu. Wanne walikufa, na wengine wakaletwa kwa ndege katika hospitali za Kenya na Uganda. Madaktari waliona kwamba wamepungukiwa B1.