ROWLAND HILL, MWALIMU ALIYEREKEBISHA POSTA

Wanafunzi wenzangu, hebu fikirini mmeandika insha za karatasi kumi na mnataka kuzituma kwa posta. Karani anaweka bahasha kwenye mizani, anasoma uzito, anawaambia bei, mnabandika stempu, basi! Kumbe mambo hayakuwa rahisi hivyo tangu jadi. Mwalimu mmoja wa Uingereza ndiye aliyeupigania utaratibu huu.

Rowland Hill alizaliwa tarehe 3 Desemba 1795 mjini Kidderminster. Babake alikuwa mwalimu, na pesa nyumbani zilikuwa za shida. Siku hizo aliyelipa kwa kawaida ni mpokeaji wa barua, si mtumaji. Mamake aliogopa barua ije akiwa hana kitu mfukoni. Siku moja alimtuma Rowland akauze mfuko wa matambara ili pesa za posta zipatikane. Kijana hakulisahau jambo hilo.

Hill alifundisha hisabati katika shule ya babake, kisha akaanza kuchunguza hesabu za posta. Alichokiona ni maajabu. Bei ilitegemea umbali na idadi ya karatasi. Barua ya karatasi moja kutoka London hadi Edinburgh ililipiwa zaidi ya shilingi moja. Karatasi mbili, bei mara mbili. Tatu, mara tatu. Hata bahasha ilihesabiwa kuwa karatasi! Makarani waliinua barua mbele ya mshumaa wakichungulia zimo karatasi ngapi. Maskini walilazimika kukataa barua za watoto wao, ilhali wabunge walituma zao bure.

Mwaka wa 1837 Hill alitoa kijitabu. Alionyesha kwamba kuisafirisha barua ile hadi Edinburgh hakukugharimu hata peni moja. Kilichokula pesa ni kazi ya kukokotoa bei na kudai malipo mlangoni. Basi akapendekeza bei iwe moja nchi nzima, ipimwe kwa uzito, na mtumaji alipe mapema.

Wakubwa wa posta walimpinga vikali, lakini wafanyabiashara na raia wa kawaida walimwunga mkono. Tarehe 10 Januari 1840 bei mpya ilianza: peni moja kwa nusu aunsi, yaani kama gramu 14. Aunsi moja ikawa peni mbili, aunsi mbili peni nne. Hata mtoto angeweza kupiga hesabu hiyo! Mwezi wa Mei ikatoka stempu ya kwanza duniani ya kubandikwa kwenye barua, nyeusi, yenye kichwa cha Malkia Victoria.

Barua ziliongezeka zaidi ya maradufu mwaka huo. Hata hivyo, faida ya serikali ilishuka, na mwaka wa 1842 Hill akaachishwa kazi. Je, alikata tamaa? La hasha! Alirudishwa mwaka wa 1846, akawa Katibu wa Posta mwaka wa 1854, na mwaka wa 1860 akatunukiwa cheo cha Sir. Alifariki tarehe 27 Agosti 1879, akazikwa Westminster Abbey pamoja na watu mashuhuri wa nchi yake.

Enyi mnaolalamika kwamba hisabati haina faida, mkumbukeni mwalimu huyu. Hesabu yake iliwawezesha maskini kusoma barua za watoto wao. Wahenga hawakukosea waliponena kuwa haba na haba hujaza kibaba.