Robert Smalls: Rubani Aliyeingia Barazani

Ndugu zetu wasomaji, wengi wanaolijua jina la Robert Smalls wa South Carolina, katika Marekani, humjua kwa usiku mmoja tu, usiku alipoitoa meli ya mabwana bandarini na kuipitisha mbele ya mizinga yao. Kisa hicho ni cha kweli, nasi tutakitaja. Lakini twaona kwamba kazi yake kubwa zaidi ni ile aliyoifanya mchana, akiwa ameketi barazani pamoja na watunga sheria wenziwe, akidai mambo mawili: skuli kwa kila mtoto na kura kwa kila raia. Katika kazi hiyo alishinda, kisha akashindwa. Na yote mawili yana mafunzo kwa umma wowote utakao kuhifadhi haki zake.

Smalls alizaliwa tarehe 5 Aprili 1839 mjini Beaufort, mji ulio ukingoni mwa bahari. Mama yake, Lydia, alikuwa mtumwa wa nyumbani, na kwa sheria ya nchi hiyo mtoto alifuata hali ya mama yake. Yasimuliwa kwamba mama huyo alichelea mwanawe asije akadanganyika na maisha ya uani, ambayo yalikuwa na nafuu kuliko ya mashambani. Basi akahakikisha kuwa anaona kwa macho yake watumwa wakiuzwa na kupigwa mijeledi. Alipokuwa na umri wa miaka 12 alipelekwa Charleston kufanya kazi za kukodiwa. Alihudumu hotelini, akawasha taa za njiani, kisha akaingia bandarini, ambako alijifunza kupakia na kupakua shehena, kushona matanga na kushika usukani. Ujira wake ulikwenda kwa bwana wake, naye akaachiwa sehemu ndogo tu. Mwaka 1856 alimwoa Hannah Jones, naye pia mtumwa. Bwana wa Hannah alikubali kumwuzia mkewe na binti yao kwa dola 800, fedha ambazo kwa mapato yake zingemchukua miaka mingi kuzikusanya.

Baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe kuanza Aprili 1861, Smalls alishika usukani katika meli ya moshi iitwayo Planter, iliyotumiwa na jeshi la majimbo yaliyoasi ili utumwa udumu. Kazi aliyoifanya ilikuwa ya rubani, kwani aliyajua mafungu, mikondo na kina cha maji cha bandari nzima. Lakini jina la rubani halikupewa mtu mweusi. Alfajiri ya tarehe 13 Mei 1862, wakuu watatu wa meli, wote watu weupe, wakiwa wamelala mjini, Smalls na wenziwe waliwasha moto, wakang'oa nanga, wakawachukua wake na watoto wao katika gati nyingine, wakaelekea mlangoni mwa bandari. Smalls alivaa kofia ya nahodha na kusimama kama alivyozoea nahodha kusimama. Kila walipofika mbele ya ngome alipiga king'ora kwa ishara iliyotakiwa, na walinzi wakawaachia njia. Walipokwisha kutoka katika masafa ya mizinga walishusha bendera ya waasi, wakapandisha shuka nyeupe, wakaikabidhi meli kwa wanamaji wa serikali kuu pamoja na mizinga iliyokuwamo.

Baada ya hapo alitumika vitani upande wa serikali kuu, na mwaka 1863 alipewa unahodha wa Planter ile ile. Mwaka 1864 alikuwa Philadelphia, meli ikitengenezwa, akautumia muda huo kujifunza kusoma, maana alikuwa na umri wa miaka 25 na hajui herufi. Hata huko, katika mji wa watu huru, aliteremshwa garini kwa sababu ya rangi yake, na habari hiyo ikaleta ghasia kubwa ya maneno. Jambo hili latuonyesha kwamba kuuvuka mlango wa bandari kulikuwa mwanzo wa safari tu. Katika miaka hiyo ya vita aliinunua mnadani, kwa sababu ya kodi zisizolipwa, nyumba ile ile ya Beaufort ambamo yeye na mama yake walikuwa watumwa.

Vita vilikwisha mwaka 1865, na utumwa ukafutwa. Januari 1868 wajumbe walikutana Charleston kuandika katiba mpya ya South Carolina, na wengi wao walikuwa watu weusi. Smalls alikuwa mmoja wao. Yafaa tukumbuke kwamba sheria ya jimbo hilo ya mwaka 1834 ilikataza mtumwa kufundishwa kusoma na kuandika. Sasa mtu aliyezaliwa chini ya sheria hiyo alisimama mkutanoni akatoa shauri kuwa jimbo liwe na skuli za bure, zilizo wazi kwa watoto wote, na mahudhurio yawe ya lazima. Katiba ya mwaka 1868 iliamuru skuli za umma ziwe za bure na wazi kwa kila mtoto bila ya kutazama rangi. Kwa vitendo, weupe na weusi walisoma mbalimbali katika sehemu nyingi. Hata hivyo, skuli zilijengwa, na mtoto maskini wa Kizungu alifaidika nazo kama mtoto wa mtumwa wa jana.

Mwaka huo huo Smalls alichaguliwa katika Baraza la Wawakilishi la jimbo, na kuanzia mwaka 1870 akaingia Seneti ya jimbo. Siasa yake ilikuwa wazi. Alikuwa mfuasi thabiti wa chama cha Republican, chama cha Lincoln, na hakukiacha hata kilipodhoofika. Aliamini kwamba uhuru bila ya ilimu ni jina tupu, na kwamba ilimu bila ya kura haina mlinzi. Wakulima wa mpunga wa mto Combahee walipogoma mwaka 1876, kwa kuwa walilipwa kwa karatasi zilizokubaliwa katika maduka ya wenye mashamba tu, yeye aliyekuwa mkuu katika jeshi la akiba alikwenda kwao akasema nao, na ghasia ikatulia pasi na damu kumwagika.

Haitufai kuficha doa lililo katika maisha yake. Mwaka 1877, wapinzani wake wakiwa wamekwisha kushika serikali ya jimbo, alishitakiwa kwamba alipokuwa seneta alipokea hongo ya dola 5,000 katika kazi ya uchapaji wa serikali. Alihukumiwa kifungo cha miaka mitatu. Alikana, akakata rufani, na mwaka 1879 gavana akamsamehe katika mapatano ambayo kwayo mashitaka ya hila za uchaguzi dhidi ya watu wa upande wa pili nayo yaliachwa. Hukumu hiyo ilichanganyika na siasa tangu mwanzo hadi mwisho. Lakini adui zake waliishika kama fimbo kwa maisha yake yote.

Wakati huo alikuwa amekwisha kwenda Washington. Kati ya mwaka 1875 na 1887 aliwakilisha watu wake kwa vipindi vitano katika Bunge la taifa. Huko alitaka askari waandikwe jeshini bila ya kubaguliwa rangi, na hakusikilizwa. Nyumbani, wapanda farasi wenye mashati mekundu walizunguka kuvunja mikutano na kuwatisha wapiga kura, na idadi ya kura za watu weusi ikapungua mwaka hata mwaka.

Mwaka 1895 uliitishwa mkutano wa kuandika katiba nyingine. Safari hii, katika wajumbe 160, weusi walikuwa sita tu, na Smalls akiwamo, ingawa watu weusi ndio waliokuwa wengi katika jimbo. Nia ya mkutano haikufichwa: kuwaondoa katika kura. Njia yao ilikuwa mtihani wa kusoma na kuandika, au kumiliki mali ya dola 300, pamoja na kodi ya kichwa; na kwa muda wa mwanzo, asiyejua kusoma aliweza kuandikishwa kama ataeleza maana ya kifungu akisomewa. Mwamuzi wa jibu alikuwa karani. Hapo ndipo ilipokuwa hila, kwani karani angemkubalia mjinga wa rangi yake na kumkatalia msomi wa rangi nyingine. Ilimu, ambayo Smalls aliitaka iwe mlango kwa wote, ikageuzwa komeo. Alisimama akapinga kwa hoja, akazidiwa kwa hesabu ya kura. Walipotaka kupiga marufuku ndoa baina ya weupe na weusi, alitoa shauri kwamba mtu mweupe yeyote anayeishi kinyumba na mtu mweusi asishike cheo cha serikali, na watoto wao wapate jina na urithi wa baba. Shauri hilo lilikataliwa, lakini liliwafedhehi wengi. Mwisho alikataa kutia sahihi yake katika katiba hiyo. Alipoonywa kwamba huenda asilipwe nauli ya safari, alijibu kuwa ni bora kwake arudi Beaufort kwa miguu.

Alimalizia utumishi wake akiwa mkuu wa forodha katika bandari ya Beaufort, kazi aliyoifanya mpaka mwaka 1913. Alifariki tarehe 23 Februari 1915, katika nyumba ile aliyoinunua. Haki ya kura aliyoitetea ililindwa tena kwa sheria ya taifa mwaka 1965, nusu karne baada ya kufa kwake. Na mwaka 2024 baraza la jimbo alilolitumikia lilipitisha sheria ya kumjengea sanamu kwenye viwanja vyake.

Twaona basi, ndugu zetu, kwamba yale yaliyoandikwa mwaka 1868 yalifutwa kwa kalamu mwaka 1895, tena barazani, kwa utaratibu na kwa kuhesabu kura. Wengi kati ya walioyafuta walikuwa wamesoma vizuri. Kwa hivyo haitoshi kumpeleka mtoto skuli na kusema kwamba wajibu umekwisha. Ni juu yetu kujua pia ni nani aketiye barazani kwa niaba yetu, anasema nini huko, na anatia sahihi yake chini ya maneno gani.